Jaribio la Mbele au Vikundi? Ulinganisho kwa Mwalimu wa Sayansi Mwenye Darasa la Wanafunzi 70

Mwalimu mpya wa sayansi anayeripoti shule ya kata huko Rungwe, Mbarali au Mufindi hukutana mapema na hesabu ambayo chuoni iliguswa kwa kupita tu: wanafunzi 70, chumba kilichojengwa kwa ajili ya 40, kipindi cha dakika 40, na kabati la maabara lenye kipimajoto kimoja kizima. Muhtasari wa somo unataka mwanafunzi atende. Mwalimu wa taaluma anataka mada ziishe kabla ya mtihani. Wewe mwenyewe unataka darasa lisigeuke soko la Mwanjelwa siku ya Jumamosi.

Katika hali hiyo kuna njia tatu za kufanya jaribio. Ya kwanza ni jaribio la mbele: mwalimu anatenda mezani kwake, darasa linatazama. Ya pili ni vikundi: kila kikundi kina vifaa vyake na wote wanafanya jambo lilelile kwa wakati mmoja. Ya tatu ni vituo: majaribio tofauti yamepangwa kwenye meza tofauti, na vikundi vinahama kutoka meza moja hadi nyingine. Ipo pia ya nne, ya kuandika ubaoni lengo, vifaa, hatua na matokeo, kisha wanafunzi wakanakili matokeo ya jaribio ambalo hakuna aliyelifanya. Hiyo siilinganishi na nyingine, ingawa naelewa kwa nini hutawala wiki za mwisho za muhula.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Kwa darasa la 70, jaribio la mbele lililoandaliwa vizuri linaishinda praktiko ya vikundi iliyoandaliwa ovyo, jambo ambalo wanaopigia debe vikundi kwenye semina hawapendi kulisema. Lakini kitu kisichowaka, kisicho ghali na kisichohitaji kifaa cha kugombania hakina sababu ya kubaki mezani kwa mwalimu.

Maji ya Mbeya hayachemki kwa nyuzi 100

Chukua mada ya kiwango cha kuchemka. Kitabu kinasema maji safi huchemka kwa nyuzijoto 100, na kitabu hakidanganyi. Kinazungumzia usawa wa bahari. Jiji la Mbeya liko mita kama 1,700 juu ya usawa huo. Hewa iliyobaki juu yetu ni pungufu, kanieneo yake, yaani msukumo wake juu ya vitu, ni ndogo, na maji huanza kuchemka karibu na nyuzi 94. Njombe, iliyo juu zaidi, huchemka mapema zaidi. Teremka mpaka Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, takribani mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, utasoma 98 na ushee. Mama aliyehama Kyela kwenda Njombe anajua kwamba huko juu maharage hukaa jikoni muda mrefu. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni fizikia ya kidato.

Hili ni somo la kupendeza mno, na vikundi vingeliharibu. Ukigawa wanafunzi watano watano unahitaji vipimajoto 14 na moto mara 14. Ukiweka kumi kwa kikundi ili vifaa vitoshe, wawili watasoma kipimo na wanane wataegemea meza. Halafu kuna moto wenyewe: taa za spiriti katikati ya madawati yaliyobanana, mwezi Juni, watoto wakiwa na masweta yenye mikono mirefu. Mimi jaribio hili huliweka mbele bila kusita.

Ila jaribio la mbele lina udhaifu wake, na udhaifu huo haupigi kelele. Darasa limetulia, macho yote yako mezani, mwalimu anaona kazi imefanyika. Mwaka 2004 Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha ulinganisho wa wanafunzi wa fizikia: waliotazama jaribio bila kufanya lolote jingine hawakulielewa jambo kwa kiasi cha maana kuliko wale ambao hawakuliona kabisa. Waliopata nafuu ni wale walioombwa kubashiri kwanza kitakachotokea. Utaratibu huo wa kubashiri, kutazama na kueleza ulikuwa umeshaelezwa mwaka 1992 na Richard White na Richard Gunstone wa Australia, na hauhitaji kifaa chochote zaidi ya kalamu.

Kwa maji yetu unakwenda hivi. Kabla ya kuwasha jiko, kila mwanafunzi anaandika namba: maji yatachemka kwa nyuzi ngapi? Kisha mikono: nani kasema zaidi ya 100, nani 100 kamili, nani chini ya hapo. Idadi inaandikwa ubaoni, na haifutwi. Anayesoma kipimajoto si mwalimu. Anaitwa mtu wa dawati la nyuma kabisa, anasoma kwa sauti kila dakika, na mwingine anaandika ubaoni. Uzi wa kipimajoto ukisimama 94 na maji yanatokota, wale wa 100 wataanza kudai kipimajoto ni kibovu.

Dai hilo usilipite. Waulize tutajuaje kama ni kibovu. Ukiwa umejiandaa na barafu kutoka kwa muuza juisi, unakitumbukiza kwenye barafu inayoyeyuka, ambayo haijali mwinuko kama maji yanayochemka yanavyojali. Kikisoma sifuri, au karibu yake, mashtaka yamefutwa na darasa limebaki na swali lililo hai: kama kipimajoto ni kizima, ni nini basi kimebadilika? Hapo ndipo unapoanza kufundisha kanieneo ya hewa. Kabla ya hapo ulikuwa unaandaa njaa.

Viazi viende kwa vikundi

Sasa vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali ndani ya viumbe hai. Vifaa ni viazi mviringo, ambavyo kwa mkoa huu si jambo la kuombea bajeti. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa. Vifuniko vya chupa za maji. Na kisu kimoja kinachobaki mkononi mwa mwalimu. Nusu ya viazi unavichemsha nyumbani jioni. Kila kikundi cha watano kinapata vipande vitatu: kibichi kizima, kibichi kilichopondwa, na kilichochemshwa. Unadondosha peroksaidi. Kibichi kinatoa povu, kilichopondwa kinatoa povu zaidi kwa sababu eneo linaloguswa limeongezeka, na kilichochemshwa kinanyamaza, kwa kuwa joto limekiharibu kimeng'enya kinachoitwa katalasi.

Mbele ya darasa jaribio hili ni bure. Povu ndani ya kifuniko cha chupa halionekani kutoka safu ya tatu, na tofauti kati ya vipande ndiyo somo lenyewe. Kwenye vikundi kila mtu yuko sentimita chache kutoka kwenye kiazi. Hakuna moto, hakuna kioo, na kipande kikianguka chini hakuna anayelia.

Tahadhari ni mbili. Chupa ya peroksaidi isizunguke darasani. Mwalimu apite nayo akigawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Na macho yalindwe, mikono ioshwe mwishoni. Povu lile ni oksijeni, na kuthibitisha kwa kijiti kinachofuka moto ni kazi ya mwalimu, mbele, dakika mbili za mwisho. Kipindi kimoja kinaweza kubeba njia mbili, na mara nyingi ndivyo kinavyokuwa kizuri.

Jaribio la wanga kwenye jani linaonekana kufanana na hili la viazi, lakini lina spiriti, na mvuke wa spiriti unashika moto kwa urahisi wa kutisha. Hilo libaki mbele: chemsha maji, zima moto, ndipo uingize neli yenye spiriti na jani kwenye maji ya moto. Maji yetu ya nyuzi 94 yanatosha kabisa, maana spiriti huchemka kwa joto la chini zaidi. Tumia jani laini la maharage. La chai au la parachichi ni gumu na litakula kipindi chote.

Mafuta ya nazi ya nywele yana mahali pake pia. Yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo asubuhi ya Julai hapa Mbeya yameganda kama mshumaa wakati wa Tanga wanayaona maji karibu mwaka mzima. Mpe kila kikundi chupa ndogo, wapokezane kuishika viganjani. Mabadiliko ya hali ya maada yatafanyika mikononi mwao, na gharama ni chupa chache ambazo baadaye zitapata mwenyewe.

Fujo hutokea wapi

Tukija kwenye utulivu wa darasa, watu husema jaribio la mbele lina nidhamu na vikundi vina fujo. Si kweli sana. Kila njia ina saa yake ya hatari.

Jacob Kounin wa Marekani, katika kazi aliyoitoa mwaka 1970, alichunguza picha za video za madarasa akitafuta namna walimu wazuri wanavyokaripia. Hakuona tofauti ya maana kwenye kukaripia. Tofauti aliikuta mapema zaidi: madarasa tulivu yalikuwa na walimu walioona mambo yakiwa bado madogo, ambao wanafunzi waliamini wanaona kila kona, na ambao somo lao halikukwama katikati.

Kukwama ndiko kwa kuangalia. Jaribio la mbele hukwama katikati, maji yanaposubiri kuchemka na watu 70 hawana la kufanya. Wape kazi ya kusubiria: wachore jedwali, waweke mihimili ya grafu, wajaze kipimo cha kila dakika kinavyotajwa. Anza na maji ya moto ya chupa ya chai, utaokoa nusu ya muda.

Vikundi hukwama mwanzoni na mwishoni, kwenye kugawa na kukusanya. Kanuni yangu kwa hilo ni moja na siilegezi: maelekezo kwanza, vifaa baadaye. Mtoto mwenye kiazi na kifuniko mkononi hasikilizi mtu. Eleza yote, muulize mmoja arudie hatua, ndipo mleta vifaa wa kila kikundi asimame, huyo peke yake. Wengine wana kazi zao: mwandishi, mpima, msemaji, na wa tano ni msimamizi wa usafi, cheo ambacho hakigombaniwi kwa hiyo kizunguke kila wiki. Ukiwa unapita, simama mgongo ukiwa ukutani. Ukichutama kusaidia kikundi kimoja huku umewageuzia wengine mgongo, vikundi vitatu vya nyuma vimeshaanza habari zao.

Kelele ya kazi ikubali. Muhimu ni kuwa na ishara moja ya kunyamaza, iwe makofi ya mpangilio au kengele ndogo, iliyofanyiwa mazoezi siku ambayo hakuna jaribio.

Halafu kuna bika, ile glasi ya maabara. Walimu wengi hukimbilia jaribio la mbele kwa hofu moja tu: ikivunjika, nani atalipa? Hofu hiyo ina haki yake. Lakini ikishuka kwa wanafunzi kama vitisho vya fimbo au faini, matokeo ni mtoto anayeficha vipande vya kioo mfukoni au chini ya dawati, na hapo umebadilisha hasara ya bika moja kuwa kidole kilichokatika. Chupa za plastiki zilizokatwa zinafaa kwa majaribio mengi ya kidato cha kwanza na cha pili, na bika zikae kabatini zikisubiri kazi yake.

Mvua, baridi na lugha

Kigezo ambacho sijawahi kukiona kwenye mwongozo wowote ni paa. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua ya Machi juu ya bati huifunika sauti ya mwalimu kabisa. Jaribio la mbele linalotegemea maelezo ya mdomo linakufa hapo hapo. Vikundi vyenye hatua zilizoandikwa ubaoni vinaendelea kama kawaida, na wewe unapita ukiongea na watano kwa wakati mmoja. Kama kipindi chako kiko mchana wakati wa masika, fikiria hilo kabla ya kufikiria nadharia yoyote ya ualimu.

Baridi inafanya kinyume. Asubuhi za Juni na Julai kemikali zinakwenda polepole, na jaribio la mwendo wa mmenyuko ambalo Februari lilimalizika vizuri linaweza kukatizwa na kengele vikundi vikiwa nusu. Kwa miezi hiyo lihamishie mbele, au omba vipindi viwili mfululizo.

Lugha nayo inagawa njia hizi. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi Marekani katika miaka ya 1970, alikuta walimu wakiuliza swali husubiri sekunde moja hivi tu kabla ya kujijibu au kuhamia kwa mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza. Hao walikuwa watoto wanaojifunza kwa lugha waliyoizoea. Wa kwetu ana kazi ya ziada, ya kufikiri kwa Kiswahili, pengine kwa Kinyakyusa au Kihehe, kisha kutafuta neno la Kiingereza na ujasiri wa kulitamka mbele ya 69 wengine. Sekunde tatu kwake ni kiduchu.

Kwa hiyo kwenye vikundi waache wabishane kwa Kiswahili, kisha msemaji atoe jibu kwa Kiingereza akitumia maneno uliyoyaandika pembeni mwa ubao. Kwenye jaribio la mbele, usiwarushie swali moja kwa moja. Waambie kila mtu amnong'oneze jirani jibu lake kwanza, ndipo uite jina. Hapa vikundi vinashinda kwa mbali, na nadhani ndiyo hoja yao yenye nguvu kuliko zote, kuliko hata ile ya kugusa vifaa.

Kikundi kilichopata jibu tofauti

Jaribio la mbele lina kasoro nyingine inayofurahisha wakaguzi: linatoa jibu sahihi. Mwalimu amelijaribu jana, analijua, na likienda kombo analirudia mpaka likubali. Vikundi 14 haviwezi kupata jibu moja. Viwili vitakuwa na kitu cha ajabu, na sekunde kumi zinazofuata ndizo zinazoamua darasa lako ni la namna gani.

Iringa ina kisa chake katika hilo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Magamba kule Tanga, aliona mchanganyiko wake wa barafu ya maziwa uliowekwa kwenye friji ukiwa wa moto ukiganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, na wenzake wakamcheka. Kisha alimuuliza swali lilelile mgeni aliyekuja kutoa mhadhara, Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walicheka tena. Osborne alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 walichapisha pamoja. Wanafizikia wanabishana mpaka leo. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walirudia vipimo na kusema hawakuuona ushahidi wa kuridhisha. Pale Mkwawa, ambapo sasa ni chuo kikuu kishiriki cha elimu, hufundishwa walimu.

Ona kwamba swali lile lilipata msikilizaji kwenye mhadhara, si kwenye vikundi. Njia ya kufundisha haikulilinda. Lililindwa na namna lilivyopokewa. Hata hivyo vikundi vinakupa nafasi nyingi zaidi za kupokea vizuri au vibaya. Kikundi cha kiazi kilichochemshwa kikisema chetu kimetoa povu, usiwaambie wamekosea. Waulize kiliiva mpaka katikati? Mara nyingi hakikuiva, na sasa wamegundua wenyewe kwamba kimeng'enya kilichobaki hai ndani ndicho kilichofanya kazi.

Vituo

Kwa kidato cha pili chenye watu 70, viache. Vituo vitano vya dakika 12 ni saa nzima, ongeza kuanza na kufunga, umemaliza vipindi viwili. Na kila meza ina watu 14. Vinapendeza kidato cha nne, kwa marudio ya praktiko, wakiwa wachache na kila kifaa kikiwa kimoja kimoja.

Kwa mada hizi ningechagua hivi

| Mada | Njia | Kinachoamua |
|---|---|---|
| Kiwango cha kuchemka | Mbele, kwa kubashiri | Moto, kipimajoto kimoja |
| Vimeng'enya vya kiazi | Vikundi vya 5 | Povu halionekani kwa mbali |
| Wanga kwenye jani | Mbele | Spiriti |
| Kuzimua asidi kali | Mbele, bila mjadala | Asidi huingizwa kwenye maji, kamwe si kinyume |
| Kuyeyuka kwa mafuta ya nazi | Vikundi, Juni na Julai | Baridi ya bure |
| Asidi na besi kwa limao na maji ya majivu | Vikundi | Nafuu, salama |
| Marudio ya kidato cha nne | Vituo | Watu wachache, vifaa kimoja kimoja |

Kama muhula unaanza na bado hujajua pa kuanzia, anza na viazi. Nunua peroksaidi chupa mpya, maana iliyofunguliwa muda mrefu hupoteza nguvu, na iweke mahali pasipo na mwanga. Usiku wa kabla ya kipindi dondosha kidogo kwenye kipande kibichi ukiwa jikoni kwako. Povu lisipopanda, duka la dawa hufunguliwa kabla ya kipindi cha tatu.